Mwenye Mistari Husimama Darajani

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Mimi ni mstaafu wa Posta, na mstaafu wa Posta wamtishe kwa kitu gani tena? Siitaji kwa sababu jina lake hubadilishwa kila Baraza la Mawaziri linapovunjwa, na mara ya mwisho nilipouliza niliambiwa jina jipya limeshapitishwa ila linasubiri muhuri. Basi tuseme nchi tu, na msomaji aweke jina la nchi yoyote ambayo ana hakika si ya kwao.

Nchi hiyo ilikuwa na bwawa, na chini ya bwawa ulikuwa mji wa Mabondeni, wenye watu elfu thelathini. Bwawa lilikuwa na malango manne ya chuma. Maji yakipanda, malango hufunguliwa, yakishuka, hufungwa. Kazi hiyo zamani aliifanya Fundi Mwinjuma kwa mkono mrefu wa chuma wa kuzungusha, mpaka serikali ilipoamua kuingia katika karne mpya. Ikaagiza programu ya kompyuta kutoka nchi ya mbali, na ule mkono wa chuma ukapelekwa Makumbusho ya Taifa ukafungiwa ndani ya kioo, ili wananchi waone tulikotoka.

Programu ile ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa na tatizo moja tu: ilisubiri theluji iyeyuke. Kila ilipoombwa ifungue malango ilijibu kwamba theluji ya milimani haijayeyuka, tuvumilie. Serikali ikatuma wataalamu kumi na wawili kwenda kukagua theluji. Walikaa huko miezi miwili, wakarudi na ripoti nene kama tofali, ikisema kwamba theluji haikuonekana lakini dalili zake zinatia moyo.

Hapo ndipo Bi Tausi Ngwembe, mpima ardhi wa wilaya, mama asiyependa kungoja, alipokaa kwenye meza yake ya kulia chakula akaandika programu yake mwenyewe. Akaiita Bawabu. Halafu akafanya jambo lililowashangaza wakubwa: hakuificha. Aliiweka hadharani, kila mtu aisome, ainakili, na akiona kosa aseme. Ndiyo inaitwa programu huria. Watu wakaanza kujitokeza mmoja mmoja: walimu, muuza dawa, sonara wawili, mtawa mmoja, na mimi niliyejifunza kompyuta kwa kitabu kisicho na jalada. Tulifika arobaini na mmoja. Hakuna aliyetulipa na hakuna aliyetuamuru, na labda ndiyo maana kazi ilikwenda.

Tulikuwa na desturi zetu. Hakuna mstari ulioingia ndani ya Bawabu mpaka Mlezi, yaani kiongozi wetu, ausome kwa sauti na kusema, "Nimesoma, nimeelewa, naingiza," kisha achomeke ufunguo wake, kitu kidogo kama kucha ya kidole gumba. Bila ufunguo huo bwawa halimsikii mtu. Halafu palikuwa na daftari la programu, ambamo kila mstari ulibeba jina la aliyeuandika, na kila kosa lilibaki humo milele likiwa na mwenyewe. Na mstari mpya ulipopelekwa bwawani kwa mara ya kwanza, mwandishi wake alikwenda kusimama kwenye kidaraja kilicho chini ya malango, akangoja hapo mpaka malango yatembee.

Alianza Bi Tausi mwenyewe, na mwavuli wake wa bluu. "Kama siwezi kusimama chini ya nilichokiandika," alisema, "nilikiandikia nini?"

Mimi nilisimama mara moja, kwa mistari yangu saba. Mitano ilifutwa baadaye, lakini siku ile nililowa viatu tu.

*

Mwaka wa kumi na moja macho ya Bi Tausi yakaingia ukungu. Akatuita mchana mmoja, akatushukuru, akauweka ufunguo wake juu ya jiwe na kuuponda kwa nyundo mbele yetu sote, ili asije akashawishika kuendelea. Ufunguo mpya wa mrithi wake ulikuwa tayari, ndani ya bahasha, mikononi mwa Fundi Mwinjuma kule bwawani. Kumchagua mrithi kulikuwa kazi ya mchana mmoja: kila anayetaka husoma mbele ya wenzake mstari mbaya kuliko yote aliyowahi kuandika, anaulizwa maswali, anachekwa kidogo, kisha tunanyoosha mikono. Tulipanga tukutane Jumamosi.

Alhamisi, Sikudhani Mlekwa akaliona lile jambo.

Sikudhani alikuwa mwalimu wa hesabu Mabondeni, na kila mmoja wetu alijua kwamba ndiye angechaguliwa. Alikuwa akipitia mistari ya zamani, akitafuta ulio mbaya kati ya yake, ndipo akafika kwenye mstari wa elfu nne mia moja na kumi na saba. Haukuwa wake. Ulikuwa wa Bi Tausi, na ulisema kimo cha maji kisomwe kwa tarakimu mbili. Bi Tausi alipouandika, ukuta wa bwawa ulikuwa mita sabini, na tarakimu mbili zilitosha. Baadaye serikali iliuinua ukuta hadi mita mia moja na moja, ili jina la Rais liweze kuandikwa juu yake kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye ndege. Bawabu akapangiwa kufungua maji yakifika mita mia, lakini hakuna aliyemwambia asome tarakimu tatu.

"Maji yakifika mita mia," Sikudhani alitueleza, "Bawabu atasoma sifuri. Ataona bwawa ni tupu. Atayaacha malango yote manne yamefungwa ili lijae."

"Na leo yako ngapi?" nikamuuliza.

"Tisini na tano nukta mbili. Yanapanda kila siku, mvua haijakatika."

Bi Tausi aliweka mikono yake juu ya mpini wa mwavuli. "Kosa langu hilo," akasema. "Na ufunguo nimeuponda kwa nyundo yangu mwenyewe."

Mtasema, si mngenakili programu mkaondoka nayo? Tungeweza kunakili hata mara mia. Bwawa lilisikia ufunguo mmoja tu, na ufunguo ulikuwa wa Mlezi, na Mlezi hatukuwa naye. Lakini tulijipa moyo. Kurekebisha ni mstari mmoja, na uchaguzi ni keshokutwa.

*

Jumamosi, kabla hatujakaa vizuri kwenye viti, wakaingia watu wanane waliovaa suti. Mbele yao alikuwa Bwana Lubambula, Katibu wa Tume ya Kusimamia Hiari.

Idara fulani, ambayo kazi yake ni kusikiliza, ilikuwa imepeleka taarifa kwamba watu arobaini na mmoja wanapanga kuchagua kiongozi bila kibali, na katika mazungumzo yao wanalitumia mara kwa mara neno "huria". Serikali haikukasirika. Serikali ilisikitika tu kwamba watu wazima wanajitolea bila kusimamiwa. Ndipo ikaunda Tume, na Tume ikaenda moja kwa moja bwawani ikaichukua ile bahasha yenye ufunguo, kwa usalama wake.

"Msiwe na wasiwasi," alisema Bwana Lubambula, akifungua mkoba. "Uchaguzi mtafanya. Tumekuja kuhakikisha mnajitolea kwa utaratibu."

Akagawa fomu. Ilikuwa na maswali kumi na manane. La tisa liliuliza: *Je, umewahi kufanya kosa lolote katika maandishi yako?*

Sisi wenye mazoea yetu tukaandika ndiyo, kwa fahari. Sonara mmoja aliambatisha orodha. Mtawa aliomba karatasi ya ziada. Bwana Lubambula akazikusanya fomu, akazipitia kwa kalamu nyekundu, kisha akasimama na kutangaza kwa majonzi kwamba wagombea wote waliojitokeza wamekosa sifa, kwa kukiri wenyewe.

Sikudhani akainuka. "Bwana Katibu, maji yamefika tisini na sita nukta moja."

"Mwalimu, Tume haifanyi kazi kwa shinikizo la maji."

"Mama yangu anaishi nyumba ya tatu kutoka mtoni."

"Nampa pole. Naye ajaze fomu, kama anataka kugombea."

Ikatafutwa nchi nzima, kwa haki na uwazi, apatikane mtu ambaye hajawahi kukosea hata mstari mmoja wa programu. Ilichukua siku tatu. Wakampata: Mheshimiwa Balozi Daktari Mhandisi Kilimbatu Pandisha, Waziri wa Mambo Yanayoweza Kujitokeza. Lilipofunguliwa daftari, ukurasa wake ulikuwa mweupe pe. Hajawahi kukosea, kwa kuwa hajawahi kuandika. Tume ikampa cheti.

Kampeni ilidumu siku moja, na alihutubia uwanja wa mpira.

"Ndugu zangu wanahuria!" alisema. "Wapo wanaonong'ona kwamba mimi sijawahi kuandika mstari hata mmoja. Nawauliza: ni nani basi mwenye mistari mibovu michache kuliko mimi?"

Uwanja ukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, maana swali lilikuwa gumu.

Siku ya kupiga kura kulikuwa na masanduku mawili, la Ndiyo na la Ndiyo Yenye Maelezo. Tulipiga kura watu arobaini na mmoja. Zilihesabiwa kura mia mbili na kumi na mbili. Nilifurahi kuona jumuiya yetu imekua kiasi hicho kwa asubuhi moja. Maji yalikuwa tisini na saba nukta nane.

*

Asubuhi iliyofuata Sikudhani alikwenda wizarani na mstari wake mmoja kwenye karatasi. Nilimsindikiza, kwa kuwa mzee akiwepo mapokezi humpa kiti. Ufunguo ulikuwa juu ya mto wa mahameli mezani kwa Mheshimiwa, bado umefungwa utepe.

Mheshimiwa hakuitazama karatasi. Alikuwa akipekua daftari la Bawabu, lililochapwa na kujalidiwa kwa ngozi.

"Mistari elfu kumi na moja mia nne na sita," akasema. "Nimelitafuta jina langu, mwalimu. Silioni."

"Mheshimiwa, hukuiandika wewe."

"Barabara ya Kilimbatu Pandisha niliilima mimi? Hospitali ya Kilimbatu Pandisha nilibeba zege mimi? Kiongozi jina lake huwekwa. Wekeni jina langu kwenye kila mstari."

"Mheshimiwa, daftari liko hivyo ili tujue nani aliandika nini. Ukiweka jina lako kwenye mistari yote, na makosa yaliyomo yatakuwa yako."

Mheshimiwa akacheka, akaonyesha ukutani. Cheti kilikuwa kimetundikwa pale ndani ya fremu ya dhahabu. "Makosa gani? Mimi sina."

"Liko moja. Mstari wa elfu nne mia moja na kumi na saba. Tunaomba uusome huu mpya, uingize. Ni maneno machache. Maji yatafika mita mia Jumamosi."

"Bwana Lubambula," Mheshimiwa akaita, bila kugeuka, "kumbe kuna mistari yangu ambayo haimpendezi mwalimu."

Kazi ya kubadilisha majina akapewa Sikudhani mwenyewe, kwa kuwa maofisa hawakujua mlango wa programu uko wapi. Alikaa siku nzima. Nami nilikaa pembeni yake, na ninakiri nilimwambia, "Mstari wako uchomeke humo humo, mwanangu. Nani ataona, kwenye mistari elfu kumi na moja?"

Aliuchomeka. Katika miaka kumi na moja hakuwa ameingiza mstari usiosomwa, lakini aliuchomeka.

Na hapa lazima niisifu serikali. Tume iliweka maofisa kumi na mmoja, kila mmoja na rula yake, wakailinganisha programu ya zamani na mpya, herufi kwa herufi, kuhakikisha hakuna kilichobadilika ila jina. Ilikuwa mara ya kwanza serikali kumsoma Bawabu. Wakaukuta. Wakautoa, wakaweka ule wa zamani, wenye jina la Mheshimiwa, na Mheshimiwa akachomeka ufunguo huku akipigwa picha.

Sikudhani akapewa barua ya onyo kwa kosa la kumsahihisha Mheshimiwa kabla hajakosea. Tangu saa hiyo, kusema kwamba ndani ya Bawabu kuna kasoro ikawa ni kumtukana mwandishi wake. Polisi wakapita Mabondeni na vipaza sauti, wakitangaza kwamba mtu atakayeonekana amebeba godoro kuelekea mlimani atahesabiwa kuwa anaeneza hofu.

Maji yalikuwa tisini na nane nukta tano. Sikudhani alikwenda kwa mama yake, akamkuta anachambua mchele.

"Mama, twende kwa shangazi. Siku mbili tu."

"Si wewe unayeandika huyo bawabu wenu?"

"Ndiyo, mama, lakini…"

"Basi. Mtu ataniuliza nimekimbia nini, nimwambie nimekimbia kazi ya mwanangu?" Akapuliza makapi. "Nipishe mwanga."

*

Ni Bi Tausi aliyekumbuka kidaraja.

Alikwenda mwenyewe ofisi ya Tume, akipapasa ukuta, akaketi mbele ya Bwana Lubambula na kumpongeza kwa uchaguzi uliofana. Kisha akasema kwa upole, "Ila mnamnyima Mheshimiwa heshima yake, Bwana Katibu. Kwetu, mwandishi wa mstari mpya husimama darajani malango yakitembea kwa mara ya kwanza. Wengi wetu tumesimama kwa mstari mmoja, miwili. Yeye ana elfu kumi na moja mia nne na sita. Hakuna aliyewahi kusimama kwa mistari mingi namna hiyo."

Bwana Lubambula akaacha kuandika. "Duniani?"

"Sijasikia."

"Zulia litaenea darajani?"

"Ukilikunja pembeni, litaenea."

Ikapangwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na televisheni ya taifa na bendi ya polisi. Siku na saa alizipendekeza Bi Tausi. Hesabu alikuwa ameipiga Sikudhani.

Siku ya siku ilifika na jua, la kwanza baada ya wiki mbili. Juu ya ukuta lilijengwa jukwaa la wageni. Chini kabisa, baada ya ngazi mia moja na arobaini, kwenye kidaraja chenye zulia jekundu, alisimama Mheshimiwa, na Bwana Lubambula na kompyuta na ufunguo juu ya kimeza, na Bi Tausi na mwavuli wake, na Sikudhani, aliyeruhusiwa ili aje kutoa shukrani. Sisi wengine wa jumuiya tulipangwa ukingoni kama kwaya. Ukutani palikuwa na ubao wa taa unaoonyesha kimo cha maji. Ulisoma 99.95.

Bendi ikapiga wimbo mmoja, ukaisha. Ikapiga wa pili.

"Hivi, mama," Mheshimiwa akauliza, akifuta jasho, "hapa tunasimama mpaka lini?"

"Mpaka malango yatembee, Mheshimiwa. Yakifika mita mia, Bawabu anaamua."

"Anaamua nini?"

"Kufungua au kutofungua. Akifungua, maji yanapita chini ya daraja, unalowa viatu. Asipofungua, yanajaa mpaka yapite juu ya ukuta."

"Yakipita juu yanakwenda wapi?"

Bi Tausi akainua macho yake yenye ukungu mpaka kileleni mwa ukuta, kisha akayashusha polepole mpaka yakatua kwenye kofia ya Mheshimiwa.

"Yanashuka," akasema.

Ubao ukabadilika: 99.97. Mheshimiwa akatazama nyuma. Ngazi zilikuwa mbali, na kamera zilikuwa karibu.

"Lakini atafungua," akasema.

"Inategemea mstari mmoja, Mheshimiwa. Wa elfu nne mia moja na kumi na saba."

"Ule ambao… Uliandikwa na nani ule?"

"Macho yangu hayaoni. Mwalimu, hebu tusomee daftari."

Sikudhani akasoma kwa sauti ya darasani: "Mwandishi ni Mheshimiwa Balozi Daktari Mhandisi Kilimbatu Pandisha."

"Na kosa lake ni la nani?" Bi Tausi akauliza.

"Daftari linasema la huyo huyo."

99.98. Bendi ikaanza wimbo wa tatu, wa furaha sana.

"Huo si wangu!" Mheshimiwa akasema.

"Sema kwa nguvu, Mheshimiwa, Bwana Katibu aandike."

"Huo mmoja si wangu! Mingine yote ni yangu, huo mmoja umepandikizwa na wasiopenda maendeleo! Lubambula, andika!"

Bwana Lubambula alikuwa tayari anaandika, lakini kalamu ikasita. "Mheshimiwa, kwa kanuni zetu wenyewe, mstari hauwezi kukosa mwandishi. Ni lazima niweke jina la mtu."

"Weka langu," akasema Sikudhani. "Na uweke na mstari wangu, huu hapa." Karatasi ilikuwa imekunjwakunjwa mpaka imekuwa laini kama leso. Aliuandika mstari kwenye kompyuta kwa vidole viwili, bila kukosea. "Sasa usome, Mheshimiwa. Kwa sauti."

Mheshimiwa akainamia kompyuta. Nilimsikia vizuri, kwa sababu bendi ilikuwa imenyamaza kupumua.

"Ikiwa kimo kina tarakimu tatu, soma zote tatu." Akainua kichwa. "Nimesoma. Sijaelewa. Naingiza."

Bi Tausi akafikiri kidogo. "Desturi haisemi hivyo," akasema. "Ila ni kweli tupu. Ingiza."

Akachomeka ufunguo. Kompyuta ikalia mara moja. Kisha Mheshimiwa akauchomoa, akamwekea Sikudhani mkononi kama anavyompa msaidizi wake miwani, akasema, "Nishikie hii, natakiwa jukwaani nikahutubie." Mtu wa cheo chake hakimbii. Basi tuseme alipanda ngazi mia moja na arobaini kwa uharaka wenye heshima, na Bwana Lubambula nyuma yake amebeba kofia.

99.99.

Sikudhani hakuondoka. Mstari ulikuwa wake sasa. Bi Tausi akafungua mwavuli wake wa bluu, akasogea karibu naye.

"Wewe nenda juu, mama. Huu una jina langu."

"Kosa lina langu, hata kama walilifuta. Sogea, mwavuli hauenei."

Hapo sonara mwenye orodha akashuka kutoka ukingoni, akasema mstari unaofuata huo aliwahi kuugusa yeye. Mtawa akashuka bila kutoa sababu. Nami, mwenye mistari miwili iliyobaki, nikaona aibu kubaki pale juu peke yangu na viatu vikavu. Tulipohesabiana tulikuwa arobaini na mmoja, tumebanana juu ya zulia la serikali. Huko juu Mheshimiwa alikuwa amefika kwenye kipaza sauti, na sauti yake ilitushukia ikisema kwamba mwandishi wa kweli hawakimbii wasomaji wake.

Tukautazama ubao. Ukazimika. Ukawaka tena.

00.00.

 Mtawa alifanya ishara ya msalaba. Sikudhani alifumba macho, na midomo yake ikatamka kitu kimoja tu, "Mama." Niliziona nyumba za Mabondeni kwa mbali, na moshi wa jikoni wa nyumba ya tatu kutoka mtoni, umenyooka.

Kisha chuma kikakoroma. Lango la kwanza likatetemeka, likapanda kama shubiri moja, na maji yakapita chini yetu yakinguruma. Likafuata la pili. La tatu. Yalikuwa yanafunguka, jamani! Tulilowa mpaka magotini.

"Ubao!" Sikudhani alipiga kelele, analia na kucheka. "Ubao wa taa una nafasi mbili tu kabla ya nukta! Nimemrekebisha Bawabu, nikasahau ubao!"

Bi Tausi aliukung'uta mwavuli. "Tulikuwa na uchaguzi wetu Jumamosi ile," akasema, "tukakatizwa. Tuumalize, kabla hatujapata mafua. Mwalimu, tusomee mstari wako mbaya kuliko yote."

Sikudhani akapangusa uso. "Ni ule ambao sikuuandika. Niliwaza maji siku tisa nzima, sikuwaza ubao wa kuyasomea. Nimewatia watu arobaini hofu ya bure."

"Si ya bure," akasema sonara. "Mimi niliungama kila kitu."

Tukamcheka, tukamcheka na mwalimu kidogo, kama inavyotakiwa.

"Kuna swali?" Bi Tausi akauliza. "Hakuna. Ufunguo tayari anao. Wanaokubali, mikono juu."

Mikono arobaini ikanyooka, inachuruzika maji.

Kule juu, Mheshimiwa alikuwa anamalizia hotuba. Alitupa macho chini, akaona umati wa watu wake darajani umemnyooshea mikono, na televisheni ikimulika. Aliguswa, nadhani. Alivua kofia akaanza kutupungia. Alipunga kwa mkono mmoja, kisha miwili, akapunga na kupunga, na bendi ikaupiga tena ule wimbo wa tatu, tangu mwanzo hadi mwisho. Mikono yetu ilianza kuuma, lakini hatukuishusha. Kiongozi akikupungia, kuushusha mkono kabla yake ni utovu wa adabu.